Mnaombwa Kufika Alfajiri

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kukunjia mashuka siku ya Ijumaa, wanawake wakiwa wanavua aproni waende zao. Ngongoti, ambaye kwa urefu wake hakuhitaji kusukumana na mtu, alilisoma juu ya vichwa vya wenzake kwa sauti:

"Wafanyakazi wa kitengo cha kukunja mnaombwa kufika kazini saa kumi na moja alfajiri kuanzia Jumatatu. Tunashukuru kwa ushirikiano wenu."

"Soma tena," akasema Mama Chiriku.

"Hata nikilisoma mpaka kesho haitageuka saa mbili, dada."

"Labda ni kumi na moja jioni."

"Alfajiri hiyo hapo. Unataka wakuchoree na jogoo?"

Wenzao wakacheka. Mama Chiriku hakucheka. Alibaki ameshika kamba ya aproni, nusu ameifungua, nusu bado.

Yeye na Ngongoti walikuwa wenzi wa shuka. Katika kiwanda kile cha kufulia, shuka la hospitali au la hoteli likitoka kwenye mtambo wa pasi halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika pembe mbili, yule pembe mbili, wanavuta, wanasogeleana mpaka vidole vinagusana, wanarudi nyuma, wanavuta tena. Ukipata mwenzi mzuri huna haja ya kusema naye, mikono inaelewana yenyewe. Ngongoti alikuwa hana mtoto wala mume, alikuwa na mdomo tu, na huo ulimtosha.

Mama Chiriku alikuwa na mume mlinzi wa usiku, aliyelinda maghala upande wa pili wa mji. Mume alirudi jua limeshachomoza, na muda uleule mke alitoka. Walikabidhiana mtoto mlangoni kama walinzi wanavyokabidhiana lindo, kwa maneno machache: leo hajala, usiku alikohoa, kiatu kimoja hakionekani. Kisha baba alilala ubavu mmoja, sikio moja likiwa macho, mpaka mama arudi. Hawakuwa na kingine. Maisha yao yote yalishikiliwa na pale mlangoni, na sasa mtu alikuwa amekuja na kipande cha karatasi akapang'oa.

Bwana Tafadhali alitoka ofisini kwake, akawakuta bado wamejazana. Jina hilo walimpa wao. Msimamizi huyu tangu alipoletwa hakuwahi kumwamuru mtu. "Tafadhali, leo chai hakuna." "Tafadhali, hatutoki mpaka lori lijae." Alikunyima kwa upole mpaka ukamshukuru, ukaja kushtuka ukiwa njiani.

"Bosi," akaita Ngongoti, "hiyo saa kumi na moja tutafika na nini? Barabarani hakuna hata mbwa saa hizo. Gari la kutuchukua liko wapi?"

"Dada yangu, gari ni la waliolazimishwa." Alitabasamu. "Kanuni ziko wazi. Kampuni ikimwamuru mtu aje kabla ya jua, impelekee gari. Lakini sisi hatujamwamuru mtu hapa. Tumewaomba. Na mchana saa saba mko huru, mnalea watoto wenu. Mnataka nini zaidi?"

"Na asubuhi watoto wanalelewa na nani?" Mama Chiriku aliuliza.

"Hayo ni ya nyumbani, mama. Siwezi kuingilia ya nyumbani kwa mtu. Tafadhali, funga mlango ukitoka."

*

Jumamosi yote ilikwenda kwa kuomba. Mama Chiriku alianza kwa mama mwenye nyumba, ambaye chumba chake kilikuwa cha mbele. Mama mwenye nyumba alimsikiliza akiwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Nimelea wanangu, nikalea wajukuu, sasa unaniletea na wa wapangaji. Mimi nimekuwa mti wa kutundikia watoto?"

"Ni masaa machache tu, mama. Atakuwa amelala."

"Yule? Yule halali, anapumzisha mdomo."

Kweli hiyo hakuweza kuipinga. Mtoto aliitwa Chiriku kwa sababu aliongea akila, aliongea akioga, na hata usingizini kuna mtu alikuwa anamjibu. Alikuwa na miaka minne.

Akaenda kwa yule dada anayelaza watoto wa wafanyakazi kwenye mikeka. Dada alikuwa amembeba mmoja mgongoni, mwingine kamng'ang'ania gauni.

"Nafungua jua likitoka, dada'angu. Nikifungua saa kumi usiku, mimi nitalala lini? Si kwamba sikupendi."

"Nitaongeza pesa."

"Usingizi hauuzwi, wala wewe hizo pesa huna. Tusidanganyane tukiwa watu wazima."

Alirudi nyumbani uso umemshuka. Mume alikuwa ameamka, amekaa kwenye ngazi anafunga kamba za viatu.

"Kwako vipi?" mke akamuuliza. "Umesema na mkubwa wako?"

"Nimesema. Kaniambia lindo haliachwi nusu. Nikitoka mapema leo, kesho nakuta mwingine kavaa koti langu." Alivuta kamba ikakatika. "Acha kazi basi."

"Niache, halafu kodi tumlipe mwenye nyumba kwa hadithi za Chiriku?"

Mume akataka kucheka akashindwa. Walikaa wote wawili wanaitazama ile kamba iliyokatika. Hakuna aliyesema wazi, lakini kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini, kwa kuwa kufuli lilikuwa palepale mlangoni linaning'inia.

*

Jumatatu akamfungia.

Alimfunika vizuri, akaficha kiberiti juu ya kabati, akamwaga maji yaliyokuwa kwenye ndoo. Dirisha dogo la nondo aliliacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Alimtikisa mtoto akamnong'oneza, "Mama anakwenda, baba anakuja. Usilie. Kaa kitandani." Mtoto akaitikia huku macho yamefumba. Kisha kufuli, na ufunguo akausukuma chini ya mlango wa mama mwenye nyumba, ambaye alikubali hilo tu, kumpa baba ufunguo akifika.

Kazini siku hiyo pembe zilikataa kukutana. Ngongoti alivuta, yeye akalegeza. Ngongoti akasogea, yeye akasimama.

"Uko wapi wewe?" Ngongoti akamuuliza.

"Nipo."

"Hupo. Nakunja shuka na nguo iliyoanikwa."

Alimweleza. Ngongoti, mdomo wote ule, akaanza kuvuta polepole, akimfuata yeye.

Jumanne ikapita salama, Jumatano ikapita. Mtu huzoea. Ndilo la kuogopa kuliko yote. Siku ya nne mkono wake ulifunga kufuli lile bila kutetemeka, akaondoka akiwaza sabuni imebaki kiasi gani.

Alhamisi hiyo mchana alirudi, akamweka Chiriku kwenye beseni uani, akaanza kumsugua mgongo. Baba alikuwa amelala ndani, mlango wazi. Mtoto alikuwa anasimulia kama kawaida yake, paka, kofia, mkate, mama akiitikia "ehe, ehe" bila kusikia.

"...na yule mjomba wa dirishani ana meno meupeee."

"Ehe." Mkono ukasimama. "Mjomba yupi?"

"Wa dirishani. Wa asubuhi, kukiwa na giza."

"Baba yako huyo."

"Si baba! Baba ana mlango. Huyu ana dirisha." Chiriku alimcheka mama yake kwa kutojua mambo. "Nilimsikia anapita, nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, we mtoto una adabu sana."

Mama Chiriku akachuchumaa taratibu, kitambaa kikitiririsha maji kwenye magoti yake. Alijizuia asipandishe sauti, kwani alimjua mwanawe, akishtuliwa hunyamaza, na leo ndiyo siku ambayo hakutaka anyamaze.

"Ehe. Akakuuliza nini?"

"Mama yuko wapi. Nikamwambia kazini, anakunja mashuka. Akasema baba je? Nikamwambia anarudi jua likitoka. Akasema mlango umefungwa na nini? Nikamwambia kufuli. Akasema ufunguo anao nani?"

"Ukamwambia?"

"Si ulisema mtu mzima akikuuliza ujibu? Nikamwambia uko kwa bibi, chini ya mlango." Alipiga maji kwa viganja vyote viwili. "Alikuja jana na leo. Kesho ataniletea pipi. Kasema nisiwaambie, lakini nimesahau."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na fulana yake ya kulalia. Hakuna aliyemsikia akiamka. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi na asiyemwona.

"Nalinda maghala ya saruji," alisema polepole. "Saruji! Ina makufuli matatu, ina taa, ina mimi na rungu. Na huyu..."

Hakumalizia. Mama Chiriku alimnyanyua mtoto na povu lake akamkumbatia hivyohivyo, blauzi ikalowa yote. Chiriku akalalamika kwamba sabuni inamwingia machoni.

Sisi kina mama tunawafundisha watoto shikamoo kabla hawajajua kuvaa viatu. Tunawasifia mbele za watu wakijibu vizuri. Hatuwafundishi kwamba yupo mtu mzima ambaye hastahili jibu. Mama Chiriku alijifunza hilo uani, magoti yamelowa, na hakuwa na bahati yoyote zaidi ya mama mwingine isipokuwa mdomo wa mwanawe usiojua siri. Wapo watoto wanaojua kutunza siri. Hao ndio wa kuwaogopea.

"Kesho siendi alfajiri," alisema.

"Watakufukuza."

"Na wanifukuze mchana, nikiwaona."

*

Ijumaa aliingia chumba cha kukunjia saa mbili asubuhi, saa yake ya zamani, ameoga, aproni imefungwa vizuri. Ngongoti alikuwa amepewa tarishi wa ofisini awe mwenzi wake, mwanamume mnene aliyeshika shuka kama anamkamata mwizi.

"Hatimaye!" Ngongoti akasema. "Niokoe na huyu, ameshanikanyaga mara tatu."

Bwana Tafadhali akamwahi kabla hajafika mezani.

"Mama Chiriku, tafadhali. Tangazo lile pale mlangoni linasema nini?"

"Linasema mnaombwa."

"Kufika saa ngapi?"

"Sijafika huko. Nimeishia kwenye mnaombwa." Akaikaza kamba ya aproni. "Umeniomba nije alfajiri. Nimekuja nikajaribu siku nne. Sasa nakupa jibu. Hapana. Ahsante kwa kuniomba."

Mikono ikasimama kwenye meza zote. Mtambo wa pasi peke yake ndio ulioendelea kutema mashuka, yakaanguka sakafuni bila mtu wa kuyapokea.

"Unafanya mzaha na kazi?"

"Wewe ndiye uliyesema, mbele ya hawa wote. Hatujawaamuru, tumewaomba. Kama ni amri, tamka. Sema naamuru. Neno moja tu."

Bwana Tafadhali akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kila mtu aliliona. Lakini nyuma ya neno hilo kulikuwa na gari, na dereva, na mafuta, na mkubwa wake juu atakayeuliza nani kalisema. Akaufunga mdomo.

"Tafadhali," alisema hatimaye, "nisubiri pale ukutani."

Alisimama ukutani asubuhi nzima. Hakupewa kiti wala kazi. Wenzake walipita na vikapu vya magurudumu wakiangalia chini, na mmoja, ambaye walikuwa wakigawana chakula kila siku, alimpita kama anapita nguzo. Hilo lilimuuma kuliko miguu. Mkojo ulimbana, hakuenda, kwa kuogopa kuambiwa ameondoka kwa hiari yake. Mara moja tu Ngongoti alipita karibu akajifanya ameangusha kitambaa.

"Muombe radhi tu, yaishe," alinong'ona. "Maneno hayakuvunji mfupa."

"Kuna mtu amesimama dirishani kwa mwanangu."

Ngongoti akainuka na kitambaa chake, uso umebadilika, akarudi kwa tarishi wake.

Adhuhuri Bwana Tafadhali alirudi, ameshapata la kufanya. Lilionekana kwenye mashavu yake.

"Mama, nimekufikiria sana. Kama wewe mapenzi yako ni saa mbili, kule kwenye machafu wanaanza saa mbili, lori la hospitali likishaleta. Basi unaombwa kuhamia huko."

Watu wakaguna. Chumba cha machafu kilikuwa nyuma, chini, hakina dirisha. Huko mashuka ya hospitali yaliingia vilevile yalivyotolewa chini ya wagonjwa, na kazi ilikuwa kuyafungua moja moja, kuyatenganisha, kutazama kama kuna sindano au mkasi uliosahaulika. Hakuna aliyewahi kwenda kwa hiari yake. Walipelekwa wageni, na wale ambao kampuni ilitaka waache wenyewe. Bwana Tafadhali alikuwa anangoja mama huyu alie, au avue aproni aondoke bila kudai chochote.

"Hilo ombi nimelikubali," akasema Mama Chiriku. "Glavu ziko wapi?"

*

Wiki iliyofuata alinuka. Alioga mara mbili, akajisugua kwa limau, akaosha nywele, lakini harufu ilikuwa imepata nyumba. Mama mwenye nyumba alisogeza kiti chake upande ambao upepo hautoki kwake. Usiku wa Jumanne Chiriku alimgeukia kitandani akaziba pua.

"Mama, unanuka."

"Nanuka."

"Kwa nini?"

"Nimehamia kwenye mashuka ya wagonjwa. Kwenda huko naondoka baba yako akiwa ameshaingia."

Chiriku akafikiri, jambo ambalo lilimchukua muda kwa vile alifikiri kwa sauti. Kisha akasema basi atalala ameziba pua, lakini hapohapo ubavuni, na akalala hivyo, vidole viwili puani.

Yule wa dirishani, mume alimsubiri asubuhi mbili kwa ruhusa ya kuumwa, rungu mkononi. Hakuja mtu. Ama alikuja akaona taa imewaka. Hawakujua, na hawatajua.

Alhamisi, Mama Chiriku akiwa ameinama kwenye lundo, akasikia vicheko vinashuka ngazi. Walikuwa wanawake wawili wa kukunja, wenye watoto wadogo, wameshika glavu kama wameshika samaki.

"Mmefanya nini?" akashangaa.

"Tumemwendea Bwana Tafadhali," akasema mmoja, "tukamwambia, bosi, na sisi tunaomba utuombe."

"Mkamwambia hivyo?"

"Akasema nafasi zimejaa. Nikamuuliza, mavi yamejaa lini? Akasema basi, tafadhali, shukeni."

Walicheka mpaka ikabidi washike ukuta, halafu wakavuta pumzi ya humo ndani na kicheko kikawakatikia. Mmoja alitapika kidogo kwenye kona, akapangusa mdomo, akavaa glavu. Yule mwingine alikuwa ndiye aliyempita siku ile kama nguzo. Hakuomba msamaha, alichukua upande mzito wa kikapu tu, akavuta.

Kesho yake wakashuka watatu. Wa mwisho alikuwa Ngongoti, akiinamisha kichwa asigonge mlango.

"Wewe huna mtoto," Mama Chiriku akamwambia.

"Nina tarishi. Afadhali haya."

Huko juu, mtambo wa pasi ulitema na mikono haikutosha. Waliobaki walikuwa wenzi waliovunjika, huyu hana wa kushika pembe za pili, yule kapewa mgeni asiyejua kuvuta. Mashuka yalianguka, yakarudishwa kufuliwa, yakaanguka tena. Jumatatu iliyofuata gari la hoteli liliondoka nusu tupu, na dereva wake alisema maneno yaliyosikika mpaka ofisini.

Ndipo Bwana Tafadhali aliposhuka mwenyewe. Alisimama kizingitini, leso puani.

"Mama Chiriku. Tafadhali. Rudi juu. Uje saa mbili yako, nimekuruhusu. Wewe na huyu mrefu."

Mama Chiriku alinyoosha mgongo. Siku zile zote alikuwa akiota maneno hayo, hata harufu ya mashuka safi ilimjia puani pale aliposimama. Aliwatazama wenzake. Hakuna aliyemtazama, kila mmoja alijitia kutafuta sindano.

"Na hawa?"

"Hawa tutaangalia. Tuanze na wewe."

"Hapana, bosi. Wenye watoto wote, saa mbili, na ubandike tangazo mlangoni kama ulivyobandika lile. Usiandike mnaombwa. Andika saa."

"Sikusikii vizuri, mama. Njoo huku nje tuzungumze."

"Nina kazi mkononi. Ingia wewe."

Ngongoti akasogeza kikapu kwa mguu, akampisha njia. Bwana Tafadhali akaitazama sakafu iliyolowa, akavitazama viatu vyake. Juu ya kichwa chake mtambo ulinguruma, kitu kizito kikaanguka, na mtu akapiga kelele kumwita.

Akaingia.